Mti wa Deni

Daftari langu la kwanza la usimamizi lilikuwa na safu tatu tu: jina la mkataji, idadi ya miti aliyoangusha siku hiyo, na saini yake au alama ya dole gumba. Nilikabidhiwa daftari hilo mwaka 2016, miezi michache baada ya kumaliza masomo ya misitu pale Olmotonyi, nikiwa na umri wa miaka 24. Aliyenikabidhi alikuwa mkandarasi aliyenunua miti iliyosimama na kuivuna kwa ajili ya viwanda vidogo vya mbao vya Moshi, naye aliniambia kwamba kazi yangu ni nyepesi, yaani kuhakikisha namba ya safu ya pili haishuki. Nilimwamini, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuona miti ikiangushwa kwa mafunzo, mmoja baada ya mwingine, mwalimu akiwa pembeni, na sikuwa nimewahi kuona inavyoangushwa na mtu ambaye ugali wa jioni wa watoto wake unategemea hesabu ya miti.

Kitalu chetu kilikuwa upande wa magharibi wa Kilimanjaro, juu ya Sanya Juu, mahali ambapo mashamba ya viazi na karoti yanakoma na ukanda wa misindano na saiprasi unaanza. Miti hiyo yote miwili asili yake ni Meksiko, lakini imeupenda udongo wa volkano wa mlima wetu kiasi kwamba mtu aliyezaliwa Siha anaweza kukua akiamini kuwa ilikuwapo tangu enzi za mababu. Kikosi kilikuwa na watu 14: wakataji wanne wenye misumeno ya mnyororo, ambayo wote tuliiita chenso, wasaidizi wanne wa kubeba kabari, shoka na galoni za mafuta, vijana watatu wa kupunguza matawi kwa panga, mpimaji mmoja, dereva wa trekta lenye winchi, na mfunga waya wake. Walikuwamo Wachaga wa Siha, Wameru, Wapare wawili na vijana wa Kiarusha waliokuja kutafuta nauli na ada. Mimi waliniita Bwana Miti, kama vile mtaalamu wa kilimo anavyoitwa Bwana Shamba, na jina hilo lilinipa heshima ambayo nilikuwa bado sijaifanyia kazi.

Malipo yalikuwa kwa mti. Kila siku, kabla ya saa sita na tena saa kumi jioni, nilipita kitaluni na chaki mkononi, nikihesabu visiki vya kila mkataji na kuvitia alama ili nisivihesabu mara ya pili. Naomba msomaji akikumbuke kitendo hicho, kwa sababu ndicho kiini cha yote ninayoyaeleza hapa: nilihesabu visiki. Kisiki ni rahisi kuhesabika, hakina ubishi, na kinaonekana hata wakati ukungu umeshuka. Ila kisiki hakisemi mti wake umelala wapi, wala hakisemi kama umelala kweli.

Kati ya wakataji wanne, aliyekuwa na namba ndogo kuliko wote alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Meku, kama wazee wanavyoitwa huko Uchagani. Alikuwa ameanza kazi hii wakati ambapo miti ilikatwa kwa msumeno wa watu wawili wa kuvutana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu ambalo hakupenda kulizungumzia. Mwezi wa kwanza niliamini kwamba uzee umemchosha, na nusura nipeleke jina lake kwa mkandarasi ili aondolewe. Kilichonizuia kilikuwa haya tu, kwa sababu kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya mtu anayemaanisha, na niliona si vizuri kumfukuza mtu wa namna hiyo kabla sijamtazama akifanya kazi. Kwa hiyo siku moja ya mwezi wa pili nilikaa naye tangu alfajiri.

Aliuweka msumeno chini, umezimwa. Akauendea mti, msindano wenye kipenyo cha sentimita 40 hivi, akauzunguka mara mbili huku akiupapasa kwa kiganja, kisha akaegemeza mgongo wake kwenye shina na kutazama juu kwa muda mrefu. Nilimuuliza anatazama nini. Akanionyesha tawi lililokauka ambalo lingeweza kudondoka mara tu shina litakapotikisika, akanionyesha upande ambao matawi yalikuwa mengi na mazito zaidi, kisha akanionyesha kwamba vilele vya miti ya jirani vilikuwa vimeanza kuinama kidogo kuelekea mlimani, ishara kwamba upepo wa mchana umeanza kupanda. Baada ya hapo akachukua panga na kusafisha njia mbili za kuondokea, zote zikielekea nyuma kwa mshazari, mbali na upande ambao mti ungelala, akang'oa hata kijiti kimoja ambacho mimi nisingekiona kuwa ni kikwazo. Mpaka hapo alikuwa hajawasha kitu.

Mdomo wa mti, yaani mkato wa mbele unaoamua mti uelekee wapi, aliukata kwa kina cha sentimita nane hadi kumi, robo ya kipenyo au pungufu kidogo. Akaingiza kidole ndani kuhakikisha kwamba mikato miwili imekutana sawasawa bila mmoja kupita mwingine. Halafu akaenda nyuma, akaanza mkato wa pili juu zaidi ya ule wa mdomo kwa kiasi cha vidole viwili au vitatu, akausimamisha katikati ili agonge kabari, akamtazama msaidizi wake, akanitazama mimi, akapaza sauti, "Mtiii!", akasubiri kusikia kwamba kila mmoja ameitikia, ndipo akaendelea. Hakukata mpaka mwisho. Aliacha ubao mwembamba wa sentimita nne hivi kati ya mkato wa mbele na wa nyuma, sehemu ambayo vitabu vinaiita bawaba. Yeye aliieleza vizuri zaidi. Alisema, "Hapo ndipo unapomshika mkono kama mtoto anayevuka barabara. Ukimwachia mkono, anakimbilia anakotaka yeye."

Shina lilipoanza kulia, aliutoa msumeno na kuondoka kwa njia yake, hatua za kawaida bila kukimbia, macho yake yakiwa kileleni. Msindano ulilala palepale alipokuwa ameonyesha kwa panga. Hakurudi mara moja. Alisubiri mpaka matawi yaliyorushwa juu yalipokwisha kudondoka. Nilitazama saa yangu. Alikuwa ametumia dakika 12, wakati vijana walitumia tano. Nilirudi kambini nikiwa nimependezwa na ufundi wake, lakini, na hili naliandika kwa uchungu, jioni ile niliendelea kuhesabu visiki kama jana.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, tulipewa kazi ya kupunguzia kitalu cha saiprasi. Kupunguzia ni kazi ngumu kuliko kuvuna kitalu kizima, jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulidhania. Miti inapopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inabeba miti 1,111, na wakati wa kupunguzia kwa mara ya kwanza vilele vyake vinakuwa vimeshikana kama vidole vya mikono miwili. Unakata mti mmoja ili wa jirani upate nafasi ya kunenepa, na huo uliokatwa hauna pa kuangukia. Mara nyingi unainama kidogo, unaegemea mwenzake na kubaki hapo, shina likiwa limeachana na kisiki huku uzito wote ukining'inia kwenye matawi mawili matatu.

Kanuni za mti ulioegemea zinajulikana dunia nzima, na mwongozo wa usalama na afya katika kazi za misitu ambao Shirika la Kazi Duniani liliutoa mwaka 1998 unazieleza waziwazi: usipite chini yake, usikate mti unaoubeba, usiangushe mwingine juu yake, usiuache na kwenda zako. Wakataji wangu wote walizijua kanuni hizo. Hata hivyo, mti ulioegemea unahitaji trekta, na trekta lilikuwa mteremko wa pili likiburuta magogo, na kulisubiri kulimaanisha kupoteza nusu saa ambayo haikuwa na malipo. Mkataji mmoja kijana, mwenye bidii kuliko wote, aliuacha saiprasi wake umeegemea saa nne asubuhi na kuendelea na mingine. Kisiki chake kilikuwa tayari kimepatikana.

Saa nane mchana kijana wa kupunguza matawi, mwenye umri wa miaka 19, alifika mahali pale kufuata mti mwingine uliokuwa umelala vizuri. Ukungu ulikuwa mzito. Mimi nilikuwa umbali wa mita kama 60, nikiandika. Nilisikia mlio wa tawi linalochanika, ambao siwezi kuueleza zaidi ya kusema kwamba ni kama kitambaa kipya kinapopasuliwa, kisha kishindo, halafu kimya, kisha sauti yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Hatukuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Tulikata fito mbili, tukapitisha makoti yetu na kufanya machela, tukamshusha kwa mguu hadi kwenye trekta na kwa trekta hadi barabarani, na muda wote huo Meku alikuwa ameushika mkono wake akimsimulia habari za ng'ombe.

Kijana yule alipona, ingawa anachechemea mpaka leo na hakurudi tena msituni. Mkandarasi alilipia matibabu ya wiki mbili za mwanzo, kisha akaacha kupokea simu. Wakati huo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ulikuwa tayari upo, na kila mwajiri alitakiwa kujisajili na kuchangia; tulipofuatilia tukagundua kwamba yeye hakuwa amefanya hivyo. Nilikwenda na mama yake kijana mara tatu kwenye ofisi ya mtu yule. Mara ya tatu mama alikaa kwenye benchi, akafungua kanga aliyofungia karatasi za hospitali, akazipanga moja moja magotini, kisha akazifunga tena bila kusema neno. Tangu siku hiyo siingii kwenye kitalu cha mtu yeyote kabla sijaona kwa macho yangu cheti cha usajili huo na kile cha Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na nimewahi kukosa kazi mbili kwa sababu ya kuuliza.

Usiku wa siku ile ya ajali nililifungua daftari. Kwenye mstari wa mkataji yule niliona nimeandika miti 31, namba kubwa kuliko zote za mwezi, na mti uliomvunja mwenzake ulikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeuhesabu kabla ya saa sita, kwa chaki yangu mwenyewe, nikaandika kwamba umelipwa. Hakuna aliyevunja agizo langu. Walikuwa wamefanya kile ambacho daftari langu liliwaagiza.

Jumatatu iliyofuata nilichora safu mpya. Kuanzia siku hiyo nilihesabu mashina yaliyolala chini na kupunguzwa matawi, na visiki nikaviacha. Nikaongeza safu ya miti iliyoegemea, nayo Meku ndiye aliyeipa jina, akisema kwamba mtu anayeuacha mti umeegemea amekopa, na mkopo huo atakuja kudaiwa mwingine asiyejua habari. Tukaita mti wa deni. Deni lilifungwa utepe mwekundu kwenye miti inayouzunguka, kwa umbali unaozidi urefu wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka utepe mpaka deni lilipwe.

Wiki ya kwanza safu ya madeni ilikuwa tupu. Nilifurahi, mpaka nilipozunguka mwenyewe na kukuta miti mitatu imeegemea bila utepe. Watu walikuwa wanaficha, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba deni likiandikwa litakatwa kwenye malipo yake, na mimi sikuwa nimewaambia vinginevyo. Niliwakusanya, nikabadilisha utaratibu mbele yao: anayeripoti deni analipwa mti ule papo hapo, na muda wa kulisubiri trekta unahesabiwa kama muda wa kazi, anayeficha anarudi nyumbani siku hiyo bila malipo. Wiki ya pili madeni yalifika sita hadi saba kwa siku. Mkandarasi alipoiona safu hiyo alikasirika, akasema kwamba tangu nilipoanza hesabu zangu mpya kikosi kimeharibika. Nilimweleza kwamba madeni hayo yalikuwapo siku zote, ila sasa yameandikwa. Hakuelewa, au hakutaka. Mwisho wa mwaka nilimwacha, nikaenda kwa mwajiri mwingine pamoja na Meku na nusu ya kikosi, na safu ile ya daftari nikaenda nayo.

Kuulipa mti wa deni ni kazi yenye adabu yake. Trekta husimama mbali, kwa umbali unaozidi urefu wa mti, na waya wa winchi hufungwa kwenye kitako cha shina, ili mti uvutwe kurudi nyuma, kinyume cha upande unaoegemea. Dereva havuti mpaka aone mkono wa mtu mmoja tu, kwa sababu wawili wakimpa ishara atafuata ya yule asiyeona vizuri. Waya ukikaza, hakuna mtu anayesimama kwenye mstari wake wala upande wa ndani wa kona yake, maana waya ukikatika hurudi kama mjeledi. Watu wengi huingiwa na hamu ya kusaidia kwa kusukuma shina kwa bega. Hao nimewaondoa kwa ukali ambao sikuwa nao kwa kosa lingine lolote.

Baada ya kuzoea kuwaza kwa namna hiyo, nilianza kuyaona madeni mengine ambayo hayakuwa miti. Mnyororo butu ni deni. Msumeno wenye makali hutupa vipande vinavyoonekana, na ulio butu hutoa unga kama wa sembe, kisha mkataji anaanza kuusukuma kwa nguvu za mwili, na ifikapo saa sita mikono yake haina tena uwezo wa kuuzuia ukiruka. Sasa kila galoni inapofunguliwa kujaza mafuta, tupa inatoka mfukoni na mnyororo unanolewa, na mimi nasimama hapo nikitazama unga. Nimegundua kwamba kutazama unga wa mbao kunanipa habari za kikosi kuliko mkutano wa asubuhi.

Njaa nayo ni deni, tena la hatari. Ajali ndogondogo nilizoziandika kwa miaka ile, kuteleza, kujikata, kuangushiwa tawi, nyingi zilikuwa kwenye saa ya mwisho kabla ya chakula. Nilimwomba mwajiri mpya tuwe na uji wa saa nne na makande ya saa saba, yaliyopikwa hapohapo, na wapishi walipwe kama watu wa kikosi. Kuhusu mbege, ile pombe ya ndizi ya Uchagani, sikuwahi kumkaripia mtu mbele ya wenzake. Siku ya Jumatatu, au inayofuata malipo, nasalimiana na kila mmoja kwa mkono na kwa karibu, na yule ambaye pumzi yake inamsema nampa kazi ya kupanga magogo au kuhesabu mafuta, bila kueleza sababu. Anajua kwamba najua. Mara nyingi hilo linatosha, na msumeno unabaki umezimwa.

Umbali kati ya mkataji na mwenzake ni urefu wa miti miwili, na kwenye mteremko hakuna anayefanya kazi chini ya mwingine, kwa sababu gogo likianza kubiringika halichagui. Hayo ni ya kila kitabu na sitayarefusha.

Nitasema zaidi juu ya kukata magogo kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo fedha ya mwenye mti inapopatikana au kupotea, na wasimamizi wengi hudhani ni kazi ya yeyote mwenye chenso. Soko letu la mbao linahesabu kwa futi. Mteja anayetaka mbao ya mbili kwa nne yenye futi 12 hataki ya futi 11 na inchi 10, kwa hiyo gogo lililopunjwa inchi mbili tu litashuka hadi futi 10, na karibu futi mbili za mti uliokua miaka 25 zinageuka kuni. Nilimtengenezea mpimaji wangu ufito wa futi 12 na inchi nne, hizo inchi nne zikiwa za kusafishia ncha kiwandani, na nikamkataza kupima kwa hatua au kwa mpini wa shoka. Kisha nikamfundisha kutazama mti mzima uliolala kabla ya kutia alama yoyote: pinda liko wapi, mafundo yanaanzia wapi, na ni wapi pa kukata ili pinda libaki kwenye gogo moja badala ya kuyaharibu mawili. Ujazo tuliupata kwa kipenyo cha katikati. Gogo la mita nne lenye sentimita 40 katikati lina nusu mita ya ujazo, na mpimaji aliyewahi kulifanya hesabu hilo kwa mkono wake haandiki tena kwa kukadiria. Haraka ikiingia hapo, hasara haionekani msituni. Inaonekana Moshi, wiki mbili baadaye, na lawama inamfuata mtu wa kiwanda.

Na yapo madeni yanayoachiwa watu ambao hatuwaoni kabisa. Kitalu kikishavunwa, wanakijiji huingia kulima viazi na maharage katikati ya miche kwa miaka michache, mpaka miche iwafunike. Njia za kuburutia magogo zikichimbwa wakati wa masika, mama anayekuja kulima baadaye anakuta korongo. Mwaka mmoja dereva wetu alitaka kupitisha magogo juu ya mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia ambao wazee wetu waliuchimba kwa mikono, kwa sababu njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu kwa mita 400. Nilikataa. Tulizunguka siku tisa. Wazee wa mfongo walipokuja siku ya kumi kutukagua, walikuta maji yanapita masafi, wakatuletea ndizi mkungu mzima, na mmoja wao akakaa na dereva akamweleza ni kina nani waliouchimba, ukoo kwa ukoo.

Kumsahihisha mtu aliyekuzidi umri ndilo jambo lililonichukua muda mrefu kujifunza. Mwanzoni nilitumia kelele, nikidhani kwamba sauti kubwa huficha ujana. Baadaye nilijifunza kumwendea mtu msumeno ukiwa umezimwa, kumwamkia hata kama tulishaamkiana asubuhi, na kumwomba anieleze mti wake: utalala wapi, njia yako ni ipi, ukiegemea utafanya nini? Mtu anapoeleza kwa mdomo wake mwenyewe, mara nyingi analiona kosa kabla sijalitaja. Na akieleza vizuri kuliko nilivyofikiri, basi mimi ndiye ninayeondoka na somo, nalo limetokea mara nyingi.

Meku aliendelea kukata mpaka mwaka 2021. Katika miezi yake ya mwisho nilikuwa nimeona kwamba anakaa na mgongo kwenye shina muda mrefu zaidi, na kwamba msaidizi wake ndiye aliyekuwa akimwonyesha matawi makavu. Sikujua namna ya kulianza jambo hilo. Jioni moja ya Septemba, watu wakiwa wanafunga vifaa, alikuja kwenye gogo nililokuwa nimekalia, akavua kofia yake ngumu na kuiweka magotini. Alikuwa hajawahi kuandikwa kwenye safu ile hata mara moja, miaka minne yote.

"Niandikie deni moja, mwanangu," alisema. "Kilele sikukiona vizuri. Nimefunga utepe."

Nikaandika. Akaomba kalamu, akatia alama yake mbele ya mstari, msalaba mdogo ulionyooka, kisha akasema kwamba kesho yake atapenda kuja kama kawaida, lakini chenso apewe yule msaidizi.

Asubuhi tulikwenda wote. Alisimama kando yangu nje ya utepe, mikono nyuma, akimtazama mfunga waya akizungusha waya kwenye kitako cha shina, na alipoona fundo limekaa juu mno akampigia filimbi alishushe. Dereva akakaza taratibu. Saiprasi ulitetemeka, ukateleza kidogo, ukachana tawi moja la jirani, kisha ukalala wote kwa mara moja na vumbi likatufikia miguuni. Meku alisubiri mpaka vijiti vya mwisho vilipodondoka. Ndipo akaenda kufungua utepe, mti kwa mti, akiukunja kwenye kiganja chake, na mimi nikaandika saa: mbili na dakika 20.